Msumari Mahali pa Fyuzi

Nianze na upumbavu wenyewe, nisije nikaufunika kwa maneno matamu ya msibani: nilitoa fyuzi kwenye pikapu ya Ta Felisiani, na mahali pake nikatia msumari. Ulikuwa msumari wa inchi mbili, niliung'oa kwenye dawati la mbele darasani, dawati la mtoto aliyekuwa akitusemea kwa mwalimu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Sasa ninayo kumi na minane, nipo darasa la kumi, na juzi mkuu wa bweni amenipa ruhusa ya siku nne kuja Kamuli kumzika Fundi Zakaria. Nilikaa kwenye majani makavu ya mgomba pamoja na wanaume wengine, nikawasikia wakisimama mmoja mmoja kusema kwamba marehemu alikuwa mpole. Mpole! Nilitamani kuvua shati niwaonyeshe. Kisha tukaingia chumbani kumuaga, nikaona kwamba mkono wake wa kulia umekataa kulala. Uliungana vibaya mwaka ule, ukapinda pale chini ya kiwiko kama hendeli ya kuwashia gari. Wazee walikuwa wameujaribu hivi na hivi, mwisho wakauacha umeinuka kidogo chini ya shuka nyeupe, kama mtu anayetaka kuongeza neno. Watu wote walitazama pembeni. Mimi niliutazama mkono, na mama alinitazama mimi.

Nilifika kwa Fundi nikikimbia kiboko. Nilikuwa nimeigiza mwendo wa mwalimu mkuu, ule wa bata aliyekanyaga kaa la moto, na sikujua kwamba bata mwenyewe amesimama nyuma yangu. Alinikimbiza kutoka uwanja wa shule mpaka barabarani, nikapita kwenye uchochoro wa duka la Ta Felisiani na kuingia kwenye kibanda cha mabati nyuma yake. Mzee mmoja alikuwa amelala chini ya pikapu, miguu tu ndiyo ilionekana. Akauliza, "Nani?" Nikajibu, "Mimi." Akatoka, akanitazama, akanizaba kofi, kisha akanipa taa ya mkono. "Shika hapa. Ukitetemeka nakuongeza jingine." Ndivyo nilivyokimbia kiboko cha shule nikaangukia kwenye spana. Fundi Zakaria alikuwa ametoka vitani na kofia moja, koleo mbili na hasira za kikosi kizima. Kibanda chake kilinuka petroli, mpira ulioungua, na ndizi na maharage vilivyokuwa vikichemka katika sufuria moja juu ya mafiga pale mlangoni. Alilala humohumo, nyuma ya pazia la gunia la kahawa. Tulikula kwa mikono iliyonuka grisi, na hata leo chakula kisichonuka grisi nakiona kama cha wagonjwa.

Mwaka ule nilikwenda pale kila siku baada ya masomo, na kila nilichojifunza kilipitia kwenye ngozi. Kanuni ya kwanza niliipata kwenye vifundo vya vidole, kwa spana, nilipogusa waya kabla ya kuondoa kichwa cha betri. "Betri kwanza! Hata Mungu alitenga mwanga na giza kabla ya kuanza kazi nyingine." Ya pili ilikuja kwenye mashavu ya miguu, kwa kipande cha waya uleule niliotaka kuutumia, kwa sababu ulikuwa mwembamba na taa zilikuwa kubwa. Waya mwembamba kwenye taa kubwa, alisema, ni sawa na kumtwika mtoto gunia la kahawa: hatakataa, ataanguka tu. Waya ukipita kwenye tundu la bati uvalishwe mpira, la sivyo bati litautafuna kidogo kidogo gari likitikisika. Kiungo kifungwe kwa utepe mweusi, si kwa kamba ya mgomba, hata kama bibi yako amefunga nayo kila kitu tangu azaliwe. Pale taa inaposhika kwenye bodi, rangi ikwanguliwe kwa msasa mpaka chuma kicheke. "Umeme ni mgeni," alikuwa akisema. "Aujue mlango wa kuingia na mlango wa kutoka. Ukimfungia ndani atabomoa nyumba." Na fyuzi, kile kichupa cha kioo chenye unywele wa chuma ndani, ikae karibu na betri, iwe ya kwanza kufa mambo yakiharibika. Nilipomwita fyuzi mwokozi wetu, kwa kuwa hufa ili gari lipone, nilipata makofi mawili, moja la Kilutheri na moja la ufundi.

Kanuni ya saba aliisema bila kunipiga, labda ndiyo maana haikuingia. Tulikuwa tunakula. Alikuwa ameshika fyuzi iliyoungua, anaitazama kwenye mwanga wa mlangoni, kioo kimekuwa cheusi. "Fyuzi ikifa," akasema, "usikimbilie kuweka nyingine. Mtafute kwanza aliyeiua." Nikamuuliza kama tumlilie na kukaa matanga. Akanitupia ganda la ndizi.

Ta Felisiani, mwenye pikapu, alikuwa mfanyabiashara kutoka upande wa Muleba, mtu wa misa ya kwanza na ngumi ya kwanza. Alipakia kahawa alfajiri kutoka vilima vyetu, na ukungu wa Kamuli asubuhi ni maziwa matupu, unanyoosha mkono huoni vidole. Siku moja akagonga fahali wa watu. Fahali akafa, pua ya gari ikaingia ndani, na mwenye fahali na Ta Felisiani wakapigana barabarani mpaka jua likatoka. Kesho yake akamwamuru Fundi amfungie taa mbili za ziada juu ya paa, zenye waya wao na swichi yao. Tulizifunga kwa siku mbili, kanuni zote saba. Zilipowaka niliona barabara inafunguka mbele yetu kama pazia. Ta Felisiani akacheka, akamgonga Fundi mgongoni kwa furaha, na Fundi akakohoa kwa dakika nzima. Hata furaha ya mtu yule ilikuwa kipigo.

Kisha mvua za Novemba zikaja na senene wao. Asiye mtu wa kwetu hawezi kujua jinsi watu wenye adabu wanavyopoteza adabu kwa ajili ya panzi. Senene hutua kwenye majani ya mlimani, na kabla jua halijawakausha umande wanawake hupanda na vikapu, wanapiga magoti na kuwaokota mmoja mmoja. Kwa desturi mwanamke huokota, mume hula, kisha mume humnunulia mkewe gauni. Mwanamke mwenyewe hali. Mama hakuwa na wa kumnunulia gauni, kwa hiyo aliwaokota, akawakaanga na kuwala mwenyewe mlango ukiwa umefungwa, na mimi nilikuwa mlinzi wa mlango. Mwaka ule Ta Felisiani akagundua jambo: alipowasha taa za paani pale mlimani alfajiri, senene wote waliacha giza na kumwagika kwenye mwanga wake kama mvua. Akaanza kuliegesha gari pale kila siku, injini ikinguruma, wapagazi wake wakijaza magunia, huku wanawake wakipapasa upande wa nyuma bila kupata hata wa kuonja.

"Ta Felisiani, shikamoo," mama alimwambia asubuhi moja, magoti yake yakiwa yamelowa. "Mlima huu tumeokota tangu bibi zetu. Senene ni wa Mungu."

"Marahaba. Basi mwambie Mungu awashe taa," akajibu. "Atakayeanguka kwenye mwanga wangu ni wangu. Ninyi okoteni gizani, si ndiyo kawaida yenu?"

Mama akavuka mstari wa mwanga. Kaijage, mpagazi mkubwa kuliko wote, akakipiga teke kikapu chake, kisha akakanyaga vidole vyake pale majanini, akavisigina kama anazima sigara. Mama, mshiriki wa meza ya Bwana, akamng'ata mguu. Alimng'ata kwelikweli, damu ilitoka, na Kaijage akalia kwa sauti nyembamba ambayo hakuna aliyetegemea kutoka kwenye mwili ule. Ta Felisiani akamchapa mama fimbo ya mgongoni, moja, mbili. Nikaruka. Nakumbuka kiwiko cha mtu, kisha majani yamejaa mdomoni mwangu. Tulirudi nyumbani, mama akajikanda vidole kwa maji ya moto na hakulia. Alisema tu kwamba damu ya Kaijage haina chumvi. Mimi nilicheka naye, lakini kichwani nilikuwa nimeshapanga kazi. Kama sheria ilikuwa ni mwanga, basi ningewapa wanawake mwanga.

Jumamosi mchana Fundi alikwenda mazoezi ya kwaya, pikapu ikabaki kibandani. Nyuma ya kibanda kulikuwa na lori bovu lenye taa mbili nzima. Nilizifungua, nikazifunga nyuma ya paa la pikapu, zikitazama upande wa wanawake, nikazifunika kwa gunia. Niseme ukweli hata kama unanitia aibu: nilifanya kazi safi. Nilitoa kichwa cha betri. Nilikwangua rangi. Nilivalisha mpira kwenye tundu, nilifunga utepe mweusi vizuri kama bendeji ya hospitali. Lakini sikuvuta waya mpya kutoka kwenye betri, maana haukuwepo. Niliungia taa zangu mbili kwenye waya wa zile mbili za Fundi, ule uliopita nyuma ya kiti. Nikarudisha betri, nikawasha. Taa nne zikawaka kwa muda wa kusema "Bwana asifiwe," kisha giza. Fyuzi imekufa. Nikaweka ya akiba. Ikafa. Kutoka kanisani nilikuwa nasikia kwaya ikimaliza, sauti ya Fundi ikiwa chini ya sauti zote kama injini ya lori. Haukubaki muda wa kumtafuta muuaji. Msumari wa dawati ulikuwa mfukoni. Uliingia pale kana kwamba ulitengenezwa kwa ajili hiyo. Taa zikawaka na hazikuzima, nami nikajipongeza kwa kuvumbua fyuzi isiyokufa.

Alfajiri ya Jumatatu nilijificha kwenye majani, hatua chache nyuma ya mama na kikapu chake. Ukungu ulikuwa umekaa mpaka magotini. Ta Felisiani akaegesha, akashuka na fimbo yake, akamwambia Kaijage abonyeze swichi. Nilikuwa nimeshanyemelea kwa nyuma gizani, nikavuta lile gunia kutoka paani. Mwanga ukamwagika mbele, na mwanga mwingine ukamwagika nyuma, juu ya wanawake thelathini waliokuwa wamepiga magoti kama kwenye komunyo. Kisha senene wakaanza kuanguka. Walitugonga vichwani, wakaingia kwenye shingo za magauni, wakajaa kwenye nywele. Ma Yustina, jirani yetu, akapiga kigelegele. "Ta Felisiani!" akaita, "Mungu amewasha!"

Alikuja mbio na fimbo. Safari hii wanawake hawakukimbia. Kikapu kilimpata usoni, jembe la mtu likampata Kaijage begani, mpagazi mwingine akamburuta mwanamke kwa nywele akakutana na mawe. Watu walipigana huku wakiokota. Nilimwona bibi mmoja akimpiga mtu kwa mkono wa kulia na kutia senene kikapuni kwa wa kushoto. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilikuwa bado nacheka niliposikia harufu. Niliijua harufu ile. Ni mpira wa waya unaoyeyuka.

Kiti cha pikapu kilikuwa kimejazwa nyasi kavu. Moshi ulitoka nyuma yake mweupe, halafu wa njano, halafu mwali ukasimama wima ndani ya gari kama mtu aliyeamka. Kaijage alikuwa amekwenda kuzima swichi, akatoka na moto kwenye nywele, akagaagaa kwenye umande akipiga mayowe. Fundi alikuwa ameona mwanga wa pande mbili akiwa kibandani kwake, akapanda mlima mbio. Alipita katikati ya watu, akafungua boneti, akang'oa kichwa cha betri kwa mikono mitupu. Nilikuwa karibu. Nilimwona akisimama ghafla, akitazama mahali pa fyuzi. Kisha akaupeleka mkono wake wa kulia, akauchomoa ule msumari uliokuwa mwekundu, akaufumba kiganjani. Nyama ililia. Aligeuka, akanitafuta kwa macho, akanipata. Tulikuwa bado tunatazamana debe la petroli lilipopasuka nyuma ya gari na kututupa chini wote.

Jua lilipotoka pikapu ilikuwa mbavu nyeusi. Ta Felisiani hakuwa na nyusi. Mkononi alikuwa na hendeli, chuma pekee kilichopona. "Nani anayefunga taa za gari hili?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Mimi," akasema Fundi.

"Wewe peke yako?"

Nilikuwa nimesimama hatua sita. Kwenye ngumi yangu kulikuwa na senene mmoja mzima, anapiga mateke.

"Mimi peke yangu," akasema Fundi.

Hendeli ilishuka mara ya kwanza begani. Fundi alikaa chini polepole kama mzee anayekaa kula. Wapagazi wakaja na miguu yao, na si wao tu, hata mwanamume aliyeunguliwa shuka, hata mtu aliyekuwa anapita na baiskeli, hakujua habari yenyewe, aliiegesha kwanza akaja kupiga. Hakuinua mikono kujikinga mpaka hendeli ilipoelekea kichwani. Hapo aliinua wa kulia, wenye ngumi iliyofumbwa, na mfupa ukalia kama ukuni mkavu wa mkaratusi. Ngumi haikufumbuka. Kwenye mkono wangu senene aliacha kupiga mateke, na nilipofungua nikakuta nimembana mpaka akafa.

Nyumbani mama alikuwa na kikapu kimejaa, cha kwanza kujaa kwa miaka yote. Alikaa jikoni kwenye kigoda akinyonyoa mabawa kwa vidole vyake vilivyovimba, akawatia kwenye chungu, wakaanza kulia kwa mafuta yao wenyewe. Harufu ile ninaipenda kuliko zote duniani, na siku ile nilisogea mlangoni nisiinuse. Ma Yustina alikuwa upande wa pili wa ukuta wa matete, naye ananyonyoa wake. Walizungumza kupitia ukutani.

"Wamemvunja mkono mzee wa watu," Ma Yustina akasema.

"Nimeona. Lakini Zakaria na taa! Mtu anayempiga mtoto kwa sababu ya waya mwembamba, leo aunguze gari?"

"Uzee, dada. Macho."

"Macho gani? Jana amenizibia sufuria."

Mabawa yanadondoka.

"Funga mlango, mwanangu," mama akaniambia. "Nataka kuonja."

Nilifunga mlango, na badala ya kusimama kulinda nikasema, "Mama, ni mimi. Nilitia msumari." Nikaeleza yote, taa za lori, waya, fyuzi mbili zilizokufa, msumari kwenye kiganja cha Fundi. Upande wa pili wa ukuta Ma Yustina aliacha kunyonyoa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho huyu mwanawe mchekeshaji, akakoroga senene wasiungue, akaupua chungu. Kisha mwiko wa moto ulinipata shavuni. Mara moja tu. Akawafunga senene wote, wote, kwenye jani la mgomba, hakuonja hata mmoja, akanishika sikio na kutoka nami.

Kwanza tulipita kwa Ta Felisiani. Alikuwa kwenye ngazi ya duka, anapakwa samli usoni. Mama akanisukuma mbele. Nilisema mbele ya wapagazi, mbele ya wateja, mbele ya mtoto wa dawati la mbele ambaye lazima awepo kila mahali. Ta Felisiani akanyanyuka na hendeli. Mama akasimama katikati yetu, mfupi, kifurushi kifuani.

"Mimi nipige ukitaka, umeshazoea," akamwambia. "Huyu ana mwenyewe wa kumpiga."

Sijui ni nini kilichomfanya aishushe. Labda Kaijage, aliyekuwa amekwisha kurudi nyuma akiushika mguu wake.

Fundi alikuwa nyuma ya pazia la gunia, amekaa kwenye kitanda, mkono umefungwa kwenye vipande viwili vya ubao kwa kamba ya mgomba. Uso ulikuwa umevimba, jicho moja halikuonekana. Kwenye kigoda mbele yake kulikuwa na msumari. Sufuria ya ndizi ilikuwa mlangoni, baridi. Nilisema shikamoo, hakuitika. Alinitazama kwa jicho lililobaki.

"Kanuni ya saba," akasema.

"Fyuzi ikifa, usikimbilie kuweka nyingine. Mtafute kwanza aliyeiua."

"Umemtafuta?"

"Ndiyo, fundi."

"Umempata?"

"Ndiyo."

"Nani?"

"Mimi."

Akatikisa kichwa kidogo, kama anavyofanya taa ikiwaka mara ya kwanza. Mama akaweka kifurushi cha senene juu ya kigoda, kando ya msumari, akakifungua, mvuke ukapanda. Kisha akanikamata mabega kwa nyuma, akanipigisha magoti mbele ya kitanda kile, akasema:

"Ta Zakaria, huyu hapa. Mpige kwa wa kushoto mpaka wa kulia upone."